Swali la Mtoto Katika Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi

Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto vina tabia moja: husema sana na kusikiliza kidogo. Mwandishi huwa kama mwalimu aliyekaa juu ya kiti chake akimimina maarifa, na mtoto huwa kama mtungi uliowekwa chini kungoja kujazwa. Kitabu tunachotaka kukipima hapa kina tabia iliyo kinyume cha hiyo. Kinataka mtoto aseme kwanza. Na mtoto asiposema, ni kama kwamba kitabu chenyewe chaona haya kuanza. Jina lake ni Hagada, neno la Kiebrania lenye maana ya masimulizi. Husomwa katika nyumba za Wayahudi usiku wa kwanza wa sikukuu yao ya Pasaka, na nje ya nchi ya Israeli aghalabu husomwa usiku wa kwanza na wa pili.

Msomaji asiichanganye Pasaka hii na ile ya Wakristo, ingawa jina la Pasaka limetoka kwa Wayahudi. Pasaka ya Kiyahudi huanza jioni ya kuingia tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, ambayo kwa hesabu yetu huangukia Machi au Aprili. Huadhimishwa kwa siku 7 katika Israeli, na kwa siku 8 kwa desturi ya Wayahudi wengi wakaao katika nchi nyingine. Ni ukumbusho wa habari iliyosimuliwa katika kitabu cha Kutoka: jinsi wana wa Israeli walivyotumikishwa na Farao, jinsi nchi ya Misri ilivyopatwa na mapigo 10, na jinsi watumwa walivyoondoka kwa haraka hata unga wao haukupata nafasi ya kuchachuka. Habari hiyo wengi wetu twaijua, Wakristo kwa Waislamu, kwa kuwa dini zote mbili zinamtaja Musa na mfalme yule aliyeshindana naye. Jambo lisilojulikana sana ni namna Wayahudi wanavyoirithisha kwa watoto wao, na hilo ndilo tutakalolichungua.

Hagada haisomwi darasani wala haisomwi kitandani. Husomwa mezani, na meza yenyewe ni sehemu ya kitabu. Utaratibu wa jioni ile huitwa Sederi, maana yake mpango. Mbele ya watu huwekwa mikate 3 isiyotiwa chachu, myembamba na mikavu. Huwekwa mboga chungu, ukumbusho wa uchungu wa utumwa. Na maji ya chumvi, mfano wa machozi. Huwekwa haroseti, mchanganyiko wa matunda, njugu na divai, ambao kwa rangi yake na ulaini wake hukumbusha udongo wa matofali. Huwekwa na mfupa uliochomwa, ukumbusho wa mwanakondoo wa Pasaka, pamoja na yai. Kila mtu mzima hunywa vikombe 4 vya divai kwa nyakati zilizopangwa. Mkate wenyewe hutengenezwa kwa hadhari kubwa: tangu maji yakutane na unga hadi kuoka, muda haupaswi kuzidi dakika 18, ili chachu isipate kuingia kwa mlango wa uvivu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu akitazama kwa makini, ataona kwamba mengi katika usiku huo yameundwa makusudi ili yamshangaze mtoto. Usiku wa kuamkia siku hiyo, watu wa nyumba hupita chumba kwa chumba na mshumaa wakitafuta masalio ya mkate uliochachuka, na watoto hutafuta pamoja nao. Mezani, mboga huchovywa katika maji ya chumvi kabla ya chakula kuletwa. Mkate wa kati huvunjwa vipande viwili, na kipande kimoja hufichwa. Mtoto atakayekipata atapewa zawadi, kwa maana karamu haiwezi kumalizika pasipo kipande hicho. Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho ya Wayahudi, yaeleza kuwa meza iliondolewa kabla watu hawajala, ili watoto waone ajabu na kuuliza. Tena yaeleza kuwa watoto waligawiwa nafaka za kukaanga na njugu jioni ya Pasaka ili wasilale, na mwanachuoni mashuhuri Akiba alisifiwa kwa kufanya hivyo. Hapa twaona walimu waliomjua mtoto. Hawakumkemea kwa kusinzia. Walitafuta jambo la kumfumbua macho.

Kanuni ya mpango huu ni ya kale. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya kuzaliwa Kristo, yaagiza kwamba kikombe cha pili kikiisha kumiminwa, mwana amwulize baba yake. Na ikiwa mwana bado hana fahamu ya kuuliza, baba amfundishe kwa kadiri ya akili yake. Talmudi yaongeza kwamba pasipo mtoto wa kuuliza, mke atauliza. Mtu aliye peke yake atajiuliza mwenyewe. Na hata wanazuoni wawili wazijuao sheria zote za Pasaka hawana budi kuulizana. Kanuni hii inastahili kutafakariwa. Mjuzi anaagizwa aulize lile alijualo! Basi swali hapa si alama ya ujinga. Ni adabu ya kuingilia katika kumbukumbu, kama vile kubisha hodi kulivyo adabu ya kuingilia katika nyumba, hata kama mgeni ni mtu wa siku zote.

Maswali yaliyoandikwa katika Hagada ni 4, na aghalabu huimbwa na mtoto aliye mdogo kuliko wote mezani. La kwanza lahusu mkate usiotiwa chachu. La pili, mboga chungu. La tatu, kuchovya mara mbili. La nne, kukaa kwa kuegemea. Swali hili la nne lina historia ya kutufundisha. Katika Mishna halimo. Mahali pake pana swali juu ya nyama iliyochomwa. Lakini Warumi waliliangamiza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, na kafara ya Pasaka ikakoma. Nyama ilipoondoka mezani, swali lake nalo likaondoka, na likatungwa swali juu ya kuegemea, ambako katika ulimwengu wa Warumi kulikuwa ndiko kukaa kwa waungwana katika karamu. Wazee wale waliheshimu mapokeo, lakini hawakumlazimisha mtoto aulize juu ya kitu asichokiona.

Hata hivyo, mhakiki mwema hasifu tu. Swali lililokaririwa kwa moyo si swali kamili. Mtoto aliyefundishwa maneno kwa muda wa majuma kadhaa, akasimama akayaimba mbele ya babu na bibi, huenda ameonyesha kipaji cha sauti bila kuonyesha hamu ya kujua. Tena, msomaji akifuatilia maandiko, ataona kuwa jibu linalofuata halijibu maswali yale moja moja. Laanza mbali, kwa kusema kuwa wazee walikuwa watumwa wakakombolewa, na maelezo ya mkate na mboga chungu huja baadaye sana. Je, hii ni kasoro? Kwa maoni yangu ni kasoro ikiwa baba husoma tu na kufunga kitabu. Si kasoro ikiwa maswali yale 4 yamechukuliwa kuwa mlango, na nyuma ya mlango huo mtoto akaruhusiwa kuuliza la tano na la sita, ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote. Kitabu kimetengeneza nafasi. Kuijaza ni kazi ya wenye nyumba.

Sehemu iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya wana wanne: mwerevu, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Torati yaagiza mahali panne kwamba mwana aelezwe habari ya kutoka Misri, na wazee wa Kiyahudi walipoona maneno hayatofautiani bure, walisema kuwa kila agizo linamhusu mtoto wa namna yake. Wazo hili ni zuri sana. Wakati ambapo shule nyingi za ulimwengu zingali zikiwapa watoto 40 somo moja kwa namna moja, hapa pana kitabu cha kale kinachosema kwamba watoto wanne wa mezani wanahitaji majibu manne. Na kwa yule asiyejua kuuliza, baba haagizwi kumngoja wala kumcheka. Anaagizwa aanze yeye.

Lakini kwa mwana mwovu kitabu kinakuwa kikali. Kosa lake ni kwamba ameuliza juu ya ibada hiyo kama jambo la wengine, si lake. Baba anaagizwa amjibu kwa ukali, na kumwambia kuwa kama angalikuwako Misri asingalikombolewa. Hapa nadhani Hagada imejipinga yenyewe. Kwanza, Torati, ambamo swali lile limetolewa, haikumwita mtoto huyo mwovu. Jina hilo alipewa na wazee. Pili, mwana mwerevu naye, katika Kumbukumbu la Torati, huuliza juu ya maagizo ambayo Mungu amewapa ninyi, si sisi. Kweli, yeye humtaja Mungu kuwa wetu, na labda tofauti yote imo katika neno hilo dogo. Lakini tofauti ya neno moja ni msingi mwembamba wa kumhukumu mtoto. Wachoraji wa zamani waliendeleza hukumu hiyo, kwa maana katika Hagada nyingi mwana mwovu huchorwa katika sura ya askari mwenye silaha. Jambo moja laiponya sehemu hii: mwana mwovu hakufukuzwa mezani. Amekemewa, lakini kiti chake kipo, na mwaka ujao kitakuwapo tena. Mwana aliye mbali kabisa ni yule ambaye hakuja, na juu ya huyo Hagada haisemi neno.

Tuje sasa kwenye masimulizi yenyewe. Mishna iliweka kanuni kwamba msimulizi aanze na aibu na kumaliza kwa sifa. Mataifa mengi hupenda kuanza na mashujaa na falme. Hagada huanza na utumwa, na huanza na mababu walioabudu miungu ya uongo. Kabla ya hapo hutolewa mwaliko kwa kila mwenye njaa aje ale, nao umeandikwa kwa Kiaramu, lugha iliyosemwa na watu wa kawaida katika zama zile. Mtoto basi hujifunza mambo mawili kabla ya kufika kwenye ushindi wowote: kwamba watu wake walikuwa wanyonge, na kwamba karamu ya aliyekombolewa haipaswi kufungiwa mwenye njaa. Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba Musa, ambaye katika kitabu cha Kutoka ndiye kiongozi wa safari yote, hatajwi katika maandiko yaliyozoeleka isipokuwa kwa kupita tu, ndani ya aya moja. Huenda wakusanyaji walitaka sifa imwendee Mungu peke yake. Vyovyote iwavyo, mtoto hafundishwi kumwabudu shujaa.

Mapigo 10 yanapotajwa, kila mmoja hutoa tone la divai kikombeni mwake kwa kila pigo. Maelezo yapendwayo na wengi ni kwamba furaha haiwezi kujaa kikombe ilhali wengine waliumia, hata kama walioumia walikuwa adui. Mtoto atasahau hotuba ndefu juu ya huruma, lakini hatasahau kidole chake kilichochovywa katika divai na kupunguza kikombe chake mwenyewe. Hata hivyo, muda mfupi baadaye Hagada yaleta hesabu ya wanazuoni watatu, ambao kwa kufasiri maneno ya Maandiko wanaona kuwa mapigo yaliyowapata Wamisri baharini yalikuwa 50, au 200, au 250. Sehemu hii ina werevu wa kisomi, lakini kwa mtoto ni nzito, na moyo wake hauendi njia moja na moyo wa yale matone. Tone lapunguza furaha kwa ajili ya adui. Hesabu yaongeza mateso ya adui. Katika kitabu kilichokusanywa na vizazi vingi si ajabu sauti mbili zikakaa pamoja. Mzazi mwenye busara atamwonyesha mtoto zote mbili, kisha amwulize ni ipi aipendayo na kwa nini.

Kwa sababu ya uzito wa namna hiyo, zimetungwa Hagada za watoto. Mojawapo ilitolewa na A. M. Silbermann mjini Berlin mwaka 1933, ikiwa na picha za Erwin Singer, ambazo baadhi yake husogea mtoto akivuta kipande cha karatasi. Mwaka ule ule Hitler alishika serikali ya Ujerumani. Kumpa mtoto wa Kiyahudi wa Berlin, mwaka huo, kitabu cha kuchezea chenye habari ya Farao aliyeshindwa, halikuwa jambo la mchezo. Picha zile hazikuondoa kitu katika moyo wa Hagada. Ziliongeza, kwa kuwa ziliupa mkono wa mtoto kazi, na Hagada tangu mwanzo ni kitabu cha mikono. Lakini wako watungaji wengine ambao, kwa kumhurumia mtoto, huyapunguza mapigo, hulainisha utumwa, na kumwondoa mwana mwovu. Nia yao ni njema, na matokeo yake ni dhaifu. Mtoto asiyeonjeshwa mboga chungu hataona utamu wa haroseti.

Kwamba Hagada ilikuwa ya matumizi na si ya kabatini, ushahidi upo. Katika makumbusho ya Sarajevo pana nakala iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa picha huko Hispania katika karne ya 14, na kurasa zake zina madoa ya divai. Nakala hiyo iliokolewa isitwaliwe na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia na mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut. Twaweza kusema kwamba madoa yale ni sifa kubwa kuliko dhahabu iliyopambia picha zake.

Mwisho wa usiku, kikombe kikiisha kumiminwa kwa ajili ya Nabii Eliya na mlango kufunguliwa, huja nyimbo. Mmoja, ulioandikwa kwa Kiaramu na kupigwa chapa katika Hagada ya Prague ya mwaka 1590, wasimulia mwanambuzi aliyenunuliwa na baba. Paka alimla mwanambuzi, mbwa akamwuma paka, fimbo ikampiga mbwa, moto ukaichoma fimbo, maji yakauzima moto, ng'ombe akayanywa maji, na hivyo mpaka mchinjaji, na malaika wa mauti, na Mungu amkomeshaye malaika huyo. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kumkumbuka Mwalimu Goso, katika hadithi iliyosimuliwa Unguja na kupigwa chapa na Edward Steere mwaka 1870. Tunda la mbuyu lilimwangukia mwalimu akafa, na wanafunzi wake wakamtafuta mwuaji kutoka kwa kusi hadi ukuta, panya, paka, kamba, kisu, moto, maji na ng'ombe, mpaka wakamfikia paa. Minyororo hii miwili yafanana kwa pete nyingi, lakini mwisho wake watofautiana. Wanafunzi wa Goso wanamtafuta mkosaji, na hadithi yatulia wampatapo. Wimbo wa Pasaka hautafuti mkosaji. Wauliza kama mwenye nguvu ataendelea kumla mnyonge milele, na kumjibu mtoto kwamba mauti nayo ina mkubwa wake. Ni fundisho zito lililofungwa katika mchezo, likawekwa mwisho kabisa, wakati mtoto amechoka na anaweza kuimba tu.

Desturi hii haiko mbali nasi kama tudhanivyo. Mashariki ya Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Katika utawala wa Idi Amin dini yao ilikatazwa, nao wakaishika kwa siri. Kampala ilitekwa, na utawala huo ukaanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Kwa hesabu ya Kiyahudi, jua lilipotua siku hiyo, usiku wa kwanza wa Pasaka uliingia. Agizo la Hagada kwamba katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri, ambalo kwa wengine ni zoezi la mawazo, kwa watu wale halikuhitaji mawazo mengi.

Basi hukumu yetu ni ipi? Hagada ni kitabu chenye viraka, chenye kurasa za kuchosha na ukali usiostahili kwa mtoto mmoja kati ya wanne. Hata hivyo, katika jambo lililo kubwa kuliko yote kimefaulu. Kila taifa lina kumbukumbu chungu ambayo lazima liwape watoto wake, na hatari ziko mbili: kuificha, watoto wakakua bila mizizi, au kuipiga kama ngoma ya vita, watoto wakakua na chuki. Hagada imeshika njia ya tatu. Humweka mtoto mezani kati ya watu wampendao, humwonjesha uchungu kwa kiasi awezacho kumeza, humpunguzia furaha kidogo kwa ajili ya adui yake, na kabla ya hayo yote hunyamaza ili aulize. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Kwa kitabu hiki tunaongeza kwamba kungoja kuulizwa si unyonge. Ni heshima ambayo mkubwa humpa mdogo, na mtoto aliyepewa heshima hiyo atakumbuka jibu alilopewa muda mrefu baada ya meza kuondolewa.